Mizunguko Saba Katika Ngome ya Vellore

Iliamuliwa kwamba familia mbili zitakutana kwa bahati. Bahati hiyo ilipangwa kwa wiki tatu, ikawekewa siku, saa na rangi ya nguo: Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, katika hekalu lililo ndani ya ngome ya Vellore, msichana akiwa na sari ya kijani cha kasuku na kijana akiwa na shati la bluu la mirabaraba. Tangu ngome ile ijengwe, pengine hakuna bahati iliyowahi kuandaliwa kwa uangalifu namna hiyo.

"Na tukifika tusimame wapi?" aliuliza Kayalvizhi ndani ya bajaji, magoti yake yakiwa yamebanwa kati ya mama yake na kikapu cha nazi na ndizi.

"Hatusimami," alisema Bibi Muniammal. "Anayesimama anaonekana anangoja. Anayengoja anaonekana ana njaa. Tutalizunguka hekalu kama watu wa heshima, nao watazunguka kama watu wa heshima. Tutakutana."

"Mshenga Natesan ndiye kasema hivyo?"

"Natesan ameozesha watu mia mbili."

"Na wangapi kati yao walikutana?"

Mama yake alimfinya. Mbele, akiwa amekaa nusu kiti pamoja na dereva, baba yake alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mzee Ekambaram hakuwa ameomba kuja. Lakini wanawake watatu wakitoka peke yao kwa jambo la heri ni nuksi, na Bibi alihitaji mtu wa nne.

Kukutana kwa bahati kulikuwa na sababu, na Kayal, hata akiwa amekasirika, hakuweza kuikana. Ukimkaribisha kijana nyumbani, akala kitafunwa chako, akanywa kahawa yako, kisha akakataa, mtaa mzima utajua kabla vikombe havijakauka. Lakini hekaluni kila mtu huenda. Msipopendana, kila mmoja anavaa viatu vyake anarudi kwao, na aibu inakosa pa kukaa.

Kayal alikuwa na miaka ishirini na sita. Alifanya kazi katika benki ya damu ya hospitali moja kubwa pale mjini, mahali ambapo kila mfuko una jina lake, kundi lake na saa yake, na mtu akisema "tutakutana tu" anafukuzwa kazi. Alikuwa na swali moja la kumuuliza kijana huyo, Ilamparithi, kwa kifupi Parithi, wa Hosur: akimwoa, ataachwa aendelee na kazi yake Vellore, au atabebwa Hosur akakaange bajia jikoni kwa mama mkwe? Swali hilo alikwisha kulipeleka mara tatu kwa mshenga Natesan. Mara zote tatu Natesan alijibu, "Hakuna tatizo." Natesan aliulizwa kuhusu nyota za kuzaliwa, akasema hakuna tatizo. Aliulizwa kwa nini katika picha kijana anaonekana ana viwiko vitatu, akasema hakuna tatizo. Kwa hiyo Kayal alitaka kulisikia jibu kutoka kinywa chenyewe, na dakika tano zingemtosha.

Ila ilibidi dakika hizo zipatikane kabla ya saa nne na nusu. Hapo ndipo saa ya Rahu, saa ya nuksi ya siku, ingeingia, na hakuna mtu mwenye bibi anayeanza jambo jema katika saa ya Rahu. Jumanne ungeingia mwezi wa Aadi, ambao kwa siku zake zote hakuna anayethubutu kutaja harusi. Na Bibi alikuwa amekwisha kutoa hukumu: wasipoonana leo, basi mungu mwenyewe amekataa, na atakubaliwa yule mwana wa muuza saruji wa Ambur, ambaye mjomba wake alikuwa akipiga simu kila jioni. Mwana wa saruji alikwisha kutamka waziwazi kwamba mke wake hatashika damu za watu.

Bajaji iliwashusha kwenye daraja la ngome saa tatu na dakika kumi na tano. Mzee Ekambaram, aliyefundisha historia miaka thelathini na mbili, alishuka, akalitazama handaki la maji, akavuta pumzi.

"Usianze," alisema Bibi.

"Nasema tu kwamba handaki hili—"

"Lina maji. Tumeona."

"Watu husema Vellore ina mto usio na maji, mlima usio na miti na ngome isiyo na mfalme," aliendelea Mzee Ekambaram, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuzoea kuhutubia madarasa yaliyolala. "Mbona handaki peke yake ndilo lenye maji? Jiulizeni."

Hakuna aliyejiuliza. Walipita lango, wakapita vijana waliokuwa wakicheza kriketi kwenye nyasi, wakapita wapenzi wawili waliojificha juu ya ukuta nyuma ya mwavuli mwekundu unaoonekana kutoka barabara kuu. Kayal aliwatazama kwa wivu. Wale wawili, angalau, walikuwa wamekutana.

Kwenye kibanda cha viatu mwanamke mwenye miwani minene, aliyeketi kwenye stuli ya plastiki chini ya saa ya ukutani, alipokea jozi zao nne, akazisukuma kwenye tundu moja, akampa Kayal kibao cha namba arobaini na moja. Kayal alikifunga kwenye pindo la sari. Wakaingia.

Hekalu lile halizungukwi ovyo. Unazunguka mungu akiwa mkono wako wa kulia, na idadi ya mizunguko haiwi shufwa: mmoja, mitatu, mitano, saba. Mtoto wa Vellore hujua hayo kabla hajajua kufunga vifungo. Mwendo ulipangwa na goti la Bibi, ambalo lilikuwa na msimamo wake. Walipita ukuta wa kwanza, wakakata kona. Wakapita ukuta wa pili, wakakata kona. Njiwa waliruka, kengele ililia, nguzo zilizochongwa farasi ziliwatazama. Wanawake waliovaa kijani cha kasuku walikuwa kumi na mmoja. Ilikuwa Ijumaa. Mwanamume mwenye shati la bluu la mirabaraba hakuwepo hata mmoja.

"Mmoja," alisema Bibi.

Mzunguko wa pili ulifanana na wa kwanza, ila jua lilikuwa limepanda. Mzunguko wa tatu mawe yalianza kupata joto, na mama yake Kayal akawa anatembea kwa vidole kama anayenyatia kuku.

"Mitatu imetimia," alisema Kayal. "Tusimame pale kivulini."

"Tukisimama wakatukuta?"

"Bibi, si ndicho tulichokuja kufanya?"

"Tulikuja kukutana. Hatukuja kukutwa." Bibi alitembea. Goti likamfuata, na familia ikalifuata goti.

Kwenye kona ya nyuma ya hekalu mzee mmoja alikuwa akifagia maua yaliyonyauka. Walipompita mara ya nne, aliegemea ufagio wake.

"Mama," alimwambia Bibi, "ninyi mnawatafuta wenzenu?"

"Hatumtafuti mtu. Tunasali."

"Aa. Kwa sababu kuna wengine hupita hapa mkishapita ninyi, nikifagia kidogo tu. Nao wana bibi anayechechemea. Nao niliwauliza wakasema wanasali."

Kayal alisimama katikati ya mawe ya moto. Aliona yote kwa mara moja, kama mtu anavyoona kundi la damu likijitokeza kwenye kioo cha maabara. Familia mbili, bibi wawili, magoti mawili, mwendo mmoja, upande mmoja. Wangeweza kuzunguka hadi mwezi wa Aadi upite na wajukuu wazaliwe, na wasionane.

"Bibi, wako upande wa pili," alisema polepole, kama anavyosema na wagonjwa. "Wanatembea kama sisi. Hatuwezi kuwafikia, nao hawawezi kutufikia. Tugeuke turudi, tutakutana nao hapo mbele."

Bibi alimtazama mjukuu wake kama aliyependekeza wachome nyumba ili wapate kuota moto.

"Ugeuke? Umpe mungu mkono wa kushoto, siku unapomwomba mume?"

"Basi tusimame."

"Tuko kwenye wa nne. Shufwa. Tutasimama kwenye wa tano."

Ikawa hivyo. Walimaliza wa tano, wakasimama kwenye kivuli cha nguzo, ambapo Mzee Ekambaram aligundua maandishi ya kale na kuanza kuyasoma kwa sauti. Walingoja dakika nne. Hakuja mtu. Ukweli ambao haukujulikana mpaka baadaye ni kwamba upande wa pili wa hekalu familia ya Hosur nayo ilikuwa imetimiza mitano, na bibi yao naye alikuwa na maoni thabiti kuhusu shufwa, na wao pia walikuwa wamesimama kivulini, wakingoja.

"Mpigie Natesan," alisema mama yake Kayal.

Mzee Ekambaram alipiga. Natesan alikuwa kwenye harusi huko Katpadi, na zumari zilisikika kuliko yeye.

"Wako nyuma yenu hapo hapo," alipaza sauti.

"Tumesimama, Natesan. Mbona hawafiki?"

"Msisimame, mzee wangu. Mkisimama mtaonekana mna shida. Tembeeni. Nimewaambia wao mko mbele yao, watembee."

"Na ukiwaambia wao wasimame, sisi tutembee?"

Zumari zilipiga ubeti mzima. "Wao ni upande wa mwanamume," alisema Natesan hatimaye, kwa sauti ya kumsikitikia. "Wasimame kwa nini? Tembeeni tu. Hakuna tatizo."

Subira huvuta heri, lakini asubuhi ile ilivuta miguu tu. Mzunguko wa sita. Mfagiaji aliinua mikono, akaonyesha vidole sita, halafu akaonyesha upande wa pili wa hekalu, akaonyesha vidole sita tena. Mzunguko wa saba. Nyayo za Kayal zilikuwa zimeiva. Saa yake ya mkononi ilisema saa nne na dakika kumi na nne. Baba yake alisema Waingereza walipoichukua ngome hii hawakuwahi kulizunguka hekalu hata mara moja, na labda ndiyo maana waliwahi mambo mengine. Kayal alimpenda baba yake. Lakini wakati ule angeweza kumsukuma handakini.

Ndipo akili yake, iliyokuwa imechoka kuzunguka, ilipotulia mahali pamoja. Kulikuwa na kitu kimoja tu katika ngome nzima ambacho familia zote mbili zilikiacha mahali na lazima zikirudie.

Walipolikaribia lango alishika pindo la sari yake, akauma mdomo, akaweka uso wa msiba.

"Bibi, nimeangusha kibao cha viatu."

"Kibao gani?"

"Arobaini na moja. Chenye viatu vyako vipya."

Kilikuwa palepale kwenye pindo, kimefungwa mafundo mawili.

"Kimbia," alisema Bibi Muniammal, aliyekuwa tayari kumpoteza mkwe, si viatu. "Kimbia kabla yule mama hajampa mtu mwingine. Sisi tunapumzika hapa langoni. Kupumzika si kusimama," aliongeza, kwa ajili ya kumbukumbu.

Kayal alikimbia, kwa sababu mawe hayakumwachia njia nyingine. Alifika kibandani akirukaruka.

"Namba?" alisema mwanamke wa miwani.

"Bado sichukui, mama. Nimekuja kupumzisha miguu."

"Hapa si pa kupumzikia. Huyo naye kasema hivyohivyo, kanikalia stuli yangu."

Huyo alikuwa kijana mwembamba aliyeinua mguu mmoja juu ya goti lake na alikuwa akiupuliza unyayo kama mtu apulizaye kahawa. Shati lake lilikuwa la bluu. Lilikuwa la mirabaraba. Viwiko vyake, Kayal alivihesabu, vilikuwa viwili.

Kijana aliitazama sari, akaushusha mguu.

"Mmezunguka mara ngapi?" aliuliza.

"Saba."

"Sisi saba." Alisimama akampisha stuli. "Nilimwambia bibi yangu turudi nyuma kidogo. Aliniuliza kama nimeanza kunywa pombe."

"Wangu aliniuliza kama nataka kumpa mungu mkono wa kushoto."

"Nimewadanganya kwamba msimamizi wa kiwandani ananipigia simu."

"Mimi nimepoteza kibao cha viatu." Kayal alikionyesha.

Kijana alikitazama kibao kwa heshima ya fundi aonaye kazi ya fundi mwenzake. "Nilifikiri, watakwenda wapi bila viatu?" alisema. "Nikaona nikae hapa tu."

Alifikiri hivyohivyo. Kayal aliona moyo ukimlainika, akaukataza. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane, na hakuwa amekuja kulainika.

"Nina swali moja," alisema, "na ukiniambia hakuna tatizo, naondoka."

"Uliza."

"Nikiolewa na wewe, kazi yangu naiacha?"

Parithi alipangusa vumbi kwenye suruali ambayo haikuwa na vumbi.

"Mama yangu anataka uje Hosur," alisema. "Mimi nilimwambia Natesan sitaki kumng'oa mtu kazini kwake. Akasema hakuna tatizo. Kisha nikamsikia kwenye simu akimwambia mama yangu utahama, hakuna tatizo."

"Na mimi aliniambia hakuna tatizo."

"Basi wote watatu tumeahidiwa."

Kayal alifumba macho. Mizunguko saba kwenye mawe ya moto haikumfanya achoke kama alivyochoka wakati ule.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" aliuliza. "Acha mama, acha Natesan."

"Nimeomba kazi kiwanda kimoja Ranipet. Hawajajibu. Wakikubali, Ranipet na hapa ni karibu. Wasipokubali, nitakaa Hosur nije kila Jumamosi kwa basi. Wewe unabaki na damu zako. Sijui mama atasemaje. Kusema kweli, namwogopa."

Lilikuwa jibu la kwanza katika wiki tatu ambamo mtu alikiri kwamba kuna kitu hakijui, na Kayal, ambaye kazini hakuamini majibu yasiyo na kasoro hata moja, aliliamini.

"Utalisema mbele yake?"

"Leo?"

"Nina mwana wa saruji anayengoja Ambur."

Parithi aliangalia upande wa hekalu, alikomwacha mama yake. Mwanamke wa miwani, aliyejifanya anapanga makubazi, alikuwa ameyapanga yaleyale mara nne. Wakaendelea kuzungumza, kuhusu ratiba za mabasi, zamu za usiku, na kama kweli Natesan aliwahi kuozesha hata paka, na hawakuangalia saa tena.

Kelele ziliwafikia kabla ya wenyewe. Bibi wawili walikuwa wakija kutoka langoni sambamba, wakisukumana kwa viwiko, kila mmoja akichechemea, kila mmoja akitaka kufika kwanza kwenye ngazi ya kibanda.

"Mama, foleni ipo," alisema Bibi Muniammal.

"Naiona. Wewe ndiye umeiruka."

"Nimezunguka mara saba, usinifundishe foleni."

"Na mimi nimezunguka tano?"

Nyuma yao familia mbili zilifuata zikiombana radhi. Wakati huo huo kila mtu aliiona sari, kisha akaliona shati, kisha akauona umbali mdogo uliokuwapo kati ya wawili hao. Bibi wawili walitazamana. Polepole, kwa taadhima yote, kila mmoja alirekebisha sari yake.

"Loo," alisema Bibi Muniammal. "Nanyi mmekuja kusali?"

"Loo," alisema bibi wa Hosur. "Bahati gani hii."

Kisha Bibi Muniammal aliinua macho kwenye saa ya ukutani, na uso wake ukasawijika. Saa nne na dakika thelathini na tatu.

"Rahu ameingia," alisema. "Basi. Mungu amekataa."

"Kweli," alisema mama yake Parithi, mwanamke mnene mwenye sauti ya ofisi, na hakuonekana kuhuzunika. "Haikuandikwa."

Kayal alihisi Ambur ikimkaribia na mifuko yake yote ya saruji.

"Jambo lililoanza kabla ya Rahu halikatizwi," alisema. "Bibi, ni wewe uliyenifundisha."

"Halikuanza. Ndiyo kwanza tunaonana."

"Sisi tulianza."

"Nani kaona?"

"Mimi," alisema mwanamke wa viatu bila kuinua kichwa. "Saa nne na kumi na nane. Nilitazama saa kwa sababu huyu mwanaume alikuwa kwenye stuli yangu tangu saa nne na kumi na mbili, na nilitaka kujua ataondoka lini. Wamezungumza mpaka sasa. Huyu binti kauliza kuhusu kazi yake."

Hata Mzee Ekambaram hakuwa na tarehe ya kusema.

"Kazi gani?" aliuliza mama yake Parithi. "Hilo si lilikwisha? Natesan alisema anahamia kwetu."

Kayal alimtazama Parithi, ambaye alikuwa akitazama nyayo zake mwenyewe kana kwamba zingemjibia. Kriketi iliendelea kwenye nyasi. Mtu alipiga mpira, mtu akakimbia.

"Hahami, Mama," alisema Parithi. Sauti ilimtoka ndogo, akaikohoa, akaitoa tena. "Anabaki na kazi yake hapa. Mimi ndiye nitakayekuwa njiani. Nimekwisha kumwambia."

"Tutaona nyumbani."

"Si tutaona. Nimemwambia kabla ya Rahu."

Mama yake alifungua kinywa. Lakini bibi wa Hosur, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kuamua, alijikalisha kwenye ngazi kwa mguno mkubwa.

"Alamelu, acha," alisema. "Kimesemwa kabla ya Rahu, na shahidi yupo. Unataka nizunguke tena mwakani kwa ajili ya msichana mwingine?"

Mama yake Parithi alifunga kinywa. Hakukubali, alifunga tu, na Kayal aliona wazi kwamba kitafunguliwa tena mara nyingi, Jumamosi hadi Jumamosi. Hilo lilikuwa la baadaye. Alifungua mafundo mawili ya pindo lake na kumnyooshea mwanamke wa viatu kibao cha arobaini na moja.

Bibi Muniammal alikitazama kibao kile kilichopotea. Akamtazama mjukuu wake. Kisha jambo zito zaidi likamjia kichwani.

"Ngojeni," alisema. "Sisi saba. Wao saba."

"Bibi, tafadhali," alisema Kayal.

"Kumi na nne," alisema bibi wa Hosur kutoka kwenye ngazi, na uso wake nao ukabadilika.

"Shufwa," walisema wote wawili.

Mama yake Kayal alifuta macho kwa pindo la sari. Haikujulikana alikuwa akicheka au akilia. Mzee Ekambaram alisema kwamba wafalme wa zamani wangesalimu amri hapa. Bibi wawili walisaidiana kusimama, goti la kulia likaegemea goti la kushoto, wakaanza kuelekea langoni, na familia zote mbili zikageuka kuwafuata.

"Mmoja tu," Bibi Muniammal alimwambia mwanamke wa viatu huku akigeuza shingo. "Wa pamoja."

"Hata ile saba ilianza na mmoja tu," alisema mwanamke wa viatu, akakirudisha kibao mkononi mwa Kayal.